Mjadala: Nani aliwaua Romeo na Juliet? Mimi namnyooshea kidole Padri Laurence

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimemaliza kusoma Romeo na Juliet kwa mara ya tatu, na safari hii nimefunga kitabu nikiwa na hasira. Sina hasira na wale watoto, wala na koo zao. Nina hasira na padri.

Kwa walioisoma zamani wakasahau: Shakespeare aliiandika miaka ya 1590, ikachapishwa kwanza 1597. Mji ni Verona, Italia. Koo mbili zenye hadhi sawa, Montague na Capulet, zina uhasama wa tangu na tangu ambao chanzo chake hakitajwi popote. Jumapili usiku Romeo wa Montague anaingia kwa barakoa kwenye karamu ya kina Capulet, anaonana na Juliet. Jumatatu Padri Laurence anawafungisha ndoa ya siri. Siku hiyohiyo Tybalt, binamu yake Juliet, anamuua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo anamuua Tybalt. Romeo anafukuzwa mjini. Baba yake Juliet, asijue kwamba binti tayari ni mke wa mtu, anaamua kumwoza kwa Paris, bwana kijana wa ukoo wa mtawala. Padri anampa binti dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, barua ya kumweleza Romeo haifiki, na Alhamisi usiku wote wawili wamekufa ndani ya kaburi la ukoo.

Karibu kila mtu niliyezungumza naye anasema kosa ni la uhasama wa wazee. Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sasa hebu mrudi kwenye karamu. Tybalt anamtambua Romeo kwa sauti, anataka upanga. Nani anamzuia? Mzee Capulet mwenyewe! Anasema mji mzima unamsifu kijana yule kwa tabia njema, na kwamba hata apewe utajiri wote wa Verona hatamvunjia heshima nyumbani kwake. Na kabla ya hapo amemwambia Paris kwamba kwa wazee wa umri wao kukaa kwa amani si jambo gumu. Huyo ni mtu aliyechoka ugomvi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi, akatakiwa mtu mzima mmoja tu wa kupita.

Mtu huyo alikuwa padri, na yeye mwenyewe alijua. Anakubali kufungisha ndoa kwa sababu anatumaini itageuza chuki ya koo zile kuwa upendo. Vizuri. Lakini ndoa ya kupatanisha watu hufungwa wapi? Hufungwa uwanjani, ngoma zinalia, mashangazi wa pande zote mbili wanagombania kushika mkono wa bibi harusi. Ndoa isiyojulikana haimpatanishi mtu na mtu. Tybalt alikwenda kumtafuta Romeo akiwa hajui kwamba anamtafuta shemeji yake. Romeo alijua, alijaribu kumtuliza, ila hakuweza kusema kwa nini. Mercutio akafa kwenye pengo hilohilo kati ya aliyejua na asiyejua.

Baya zaidi ni Jumanne. Paris anakwenda mwenyewe kwa padri kupanga harusi yake. Amesimama mbele yake! Padri anasema tu kwamba siku zilizobaki ni chache, halafu pembeni ananong'ona kuwa natamani nisingejua kwa nini harusi hii icheleweshwe. Sentensi moja ingetosha: binti huyu ameolewa. Hakuisema. Badala yake akampa mtoto wa miaka 13 kichupa cha dawa.

Na Juliet alimwona. Usiku ule, kichupa mkononi, anajiuliza: vipi kama hii ni sumu, padri ananiua ili asiaibike kwa kuwa alishanioza kwa Romeo? Anaifuta shaka, maana amemjua siku zote kuwa mtu wa Mungu. Lakini mtoto yule peke yake chumbani aligusa penyewe. Dawa haikuwa sumu, ila woga wa aibu ulikuwepo kweli.

Huo ndio msimamo wangu. Anayeona vinginevyo aje na maandiko.

Mwalimu wa fasihi, Morogoro

Asante kwa mada, kaka. Nakuja na maandiko kama ulivyotaka.

Unasema mzee Capulet amechoka ugomvi. Rudi nyuma kidogo, asubuhi ya Jumapili hiyohiyo. Watu wanapigana sokoni, yeye anatoka mbio na joho lake la nyumbani akidai aletewe upanga mrefu. Mkewe anamwambia: mkongojo, mkongojo, upanga wa nini? Huyo ndiye mzee aliyechoka, mpaka mkewe anamkejeli. Kule kwenye karamu alimzuia Tybalt kwa sababu wageni wamejaa ukumbini na hataki fujo kwake. Ukisoma ule ukali aliomtolea Tybalt, anatetea mamlaka yake ndani ya nyumba kuliko anavyomtetea Romeo.

Nina klabu ya fasihi na wanafunzi wangu kila Ijumaa. Kitabu hiki si cha mtihani, tunakisoma kwa mapenzi tu. Mwanzo kabisa mtumishi wa Capulet anawang'atia kidole gumba watumishi wa Montague, na wanafunzi hawakuelewa kidole gumba kina nini. Nikawaambia weka kusonya. Wakaigiza hivi:

– Unatusonya sisi, bwana?
– Nasonya, bwana.
– Nauliza, unatusonya sisi?
(Kwa mwenzake, chini chini) – Nikisema ndiyo, sheria iko upande wetu?
– Hapana.
– Basi hapana, bwana, siwasonyi ninyi. Ila nasonya.

Darasa likacheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Vicheko vilipoisha binti mmoja akasema, "Mwalimu, hawa ni watumishi. Ugomvi wenyewe si wao." Nilikaa kimya, maana alikuwa amesema kitu kikubwa kuliko nilichoandaa. Uhasama ukishafika kwa wapishi na wabeba panga, haijalishi tena kama wazee wawili wamechoka. Upo hewani, watu wanaukoga kila asubuhi. Padri gani angeuzima kwa tangazo?

Halafu umeruka Jumanne alfajiri, pale Juliet anapomwambia baba yake kwa magoti kwamba hamtaki Paris. Anajibiwaje? Kajinyonge, kaombe, ufe njaa barabarani, mimi sikutambui. Vidole vyangu vinaniwasha, anasema, yaani anajizuia kumpiga. Na hapo kosa ni kukataa mchumba tu! Sasa mpelekee baba huyo habari kwamba binti ameolewa na muuaji wa Tybalt, siku moja baada ya mauaji. Kaka, unadhani angepiga vigelegele?

Msomaji

Nyote mnawahurumia sana hawa vijana. Jumapili mchana Romeo analia kwa ajili ya Rosaline, msichana aliyempenda kabla ya Juliet, hali, halali, anajifungia chumbani mapazia chini. Jumapili usiku Rosaline kasahauliwa. Jumatatu ndoa. Padri mwenyewe alimshangaa. Arthur Brooke, ambaye shairi lake la 1562 ndilo Shakespeare alilolitumia, aliandika kwenye dibaji yake wazi kabisa kwamba hawa walikufa kwa kufuata tamaa na kupuuza wazazi. Mimi nipo na Brooke.

Mama wa mabinti wawili, Tanga

Mwanangu msomaji, nimekusikia, lakini kuwa na huruma kidogo. Kwa Brooke Juliet anakaribia miaka 16. Shakespeare kwa makusudi akampunguza, akamfanya bado wiki mbili na siku kadhaa atimize 14. Kwa nini afanye hivyo kama alitaka tumlaumu? Na kwa Brooke mapenzi yale yanachukua miezi. Shakespeare aliyabana yakawa siku nne, tano. Anatuonyesha mtoto asiyepata hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mimi binti yangu wa pili ana miaka 13. Jana usiku nimemkuta amelala na sare ya shule, daftari limemlalia kifuani. Nikimsoma Juliet ndiye huyo ninayemwona. Na mama yake Juliet anamwambia: umri wako mimi nilishakuwa mama yako. Baba mwanzoni aliongea kama baba, alimwambia Paris asubiri miaka miwili, tena ridhaa ya binti kwanza. Siku mbili baadaye ameisahau kauli yake mwenyewe.

Ila lawama yangu hasa ni kwa yaya, na nashangaa hakuna aliyemtaja. Yule ndiye aliyemnyonyesha. Binti yake mwenyewe, Susan, alikufa, huyu ndiye aliyebaki. Anabeba ujumbe kwa Romeo, analeta ngazi ya kamba, anacheka, anafurahia. Baba alipofoka, alithubutu kumtetea binti, akanyamazishwa. Wazazi wakiisha kutoka, Juliet anamgeukia: nifariji, nipe shauri. Anamwambia aolewe na Paris tu, Romeo kando yake ni tambara la kuoshea vyombo. Mwanamke aliyemfikisha mtoto kwa mume anamwambia aolewe mara ya pili mume wa kwanza akiwa hai! Tangu dakika ile Juliet hamwambii mtu mzima yeyote wa nyumbani kilicho moyoni mwake. Angekuwa na mtu wa kulia naye usiku ule, kile kichupa kisingemezwa.

Mchangiaji mwingine

Mmesahau serikali. Mtawala wa Verona, Escalus, anasema mwanzoni kwamba ugomvi huu umeshazua ghasia mara tatu barabarani, kwa neno jepesi tu. Mara tatu! Alifanya nini? Alitoa onyo. Mwishoni anakiri mwenyewe kwamba alifumba macho, na yeye pia amepoteza ndugu wawili, maana Mercutio na Paris wote walikuwa wa ukoo wake. Kosa kakiri mwenyewe. Mnamtafuta nani tena?

Mwanzisha mada

Shikamoo mama, na shikamoo mwalimu. Nimesoma yote, nimerudi kitabuni.

Mwalimu, joho na mkongojo nilikuwa nimevisahau, nakubali. Nakubali pia kwamba Jumanne ilikuwa siku mbaya ya kumwambia mzee Capulet. Lakini hiyo inanipa nguvu, hainiondolei. Jumatatu asubuhi, kabla ya damu kumwagika, haikuwa mbaya. Na kama nyumba ya Capulet ilikuwa ya kuogopwa, kulikuwa na Escalus, aliyeteseka na ugomvi huu kuliko wote na aliyekuwa na uwezo wa kuwaita wazee wawili mbele yake. Padri alikuwa na mlango wa kwa mtawala. Alipanga kuutumia baadaye: alimwambia Romeo akakae Mantua hadi upatikane wakati wa kuitangaza ndoa na kuomba msamaha. Kila kitu kwake ni baadaye.

Mama, kuhusu yaya umenishinda. Nilimchukulia kama mchekeshaji. Nimeusoma ule ukurasa tena jana usiku, nikaona jinsi Juliet anavyomjibu kwa upole, eti umenifariji sana, kumbe hapo ndipo anapomwondoa moyoni.

Lakini nendeni nami kaburini. Juliet anaamka. Padri yupo. Ndilo jambo pekee katika mpango wake wote lililokwenda sawa: alifika. Anamwambia mumeo amelala hapo amekufa, na Paris pia, njoo nikupeleke kwa masista. Nje askari wa zamu wanakuja. Anasema siwezi kukaa zaidi. Anaondoka! Anamwacha mtoto na maiti mbili, kikombe kitupu na kisu. Barua iliyokwama namsamehe, maana yule mtawa aliyeibeba alifungiwa kwenye nyumba iliyoshukiwa tauni. Hilo halikuwa mikononi mwake. Dakika ile ya kaburini ilikuwa mikononi mwake.

Mwalimu wa fasihi, Morogoro

Marahaba. Hapo kaburini sina cha kumtetea. Ila soma mistari michache mbele: askari wanamkamata akitokea upande wa makaburi, anatetemeka, anahema, analia, ana sururu na sepetu. Alikuja peke yake usiku, mzee yule, kumfukua binti kwa mikono yake. Na alipoulizwa alisimulia yote bila kujificha, akasema kama kosa ni langu, uhai wangu mzee uchukuliwe. Mtu mwoga, ndiyo. Mtu wa kujisafisha, hapana.

Na kwa ndugu yetu aliyemtaja Brooke: kwenye shairi lile hukumu ilitolewa. Yaya alifukuzwa mji, aliyemuuzia Romeo sumu akanyongwa, padri akaachiwa huru. Shakespeare aliifuta hukumu yote. Escalus wake anasema tu wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, hamtaji mtu.

Ijumaa ijayo nitapanga madawati ya klabu yawe baraza la Escalus. Mmoja padri, mmoja yaya, mmoja mzee Capulet, na yule binti aliyesema ugomvi si wao nitamkalisha kiti cha mtawala. Nikitoka nitawaletea hukumu yake hapa.

Mama wa mabinti wawili, Tanga

Mwalimu, mwambie asimwachie yaya.