Intavyuu ya jikoni Alhamisi: niseme nini?

Wa Langoni, Lamu (sasa Leicester)

Asalaam aleikum jamaa. Nimeitwa intavyuu mkahawani, kazi ya jikoni. Nyumbani nilikaa miaka mitatu jikoni kwenye hoteli ya Shela, lakini huku Uingereza sijashika sufuria ya mtu. Watauliza nini?

Dada wa Barani, Malindi

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mavazi yasikusumbue: shati safi, viatu vya kufunika, kucha fupi, pete na saa ziache nyumbani.

Mimi intavyuu yangu ya kwanza niliambiwa nijieleze. Nikaanza na marehemu babu, nikashuka ukoo mzima hadi shamba letu la Msabaha. Meneja anatazama ukuta tu. Alichotaka ni kujua nimepika nini, kwa watu wangapi. Halafu sisi wa pwani tuna adabu moja itakuponza: "tulipika", "tulihudumia". Kwetu kujitaja ni kujigamba, lakini yeye haajiri ukoo. Sema, "Disemba hoteli imejaa, mpishi mkuu mgonjwa, mimi ndiye niliyepaa samaki, nikasimamia jiko, zikatoka sahani arobaini." Iwe kweli, maana watachimba.

Joto lazima waulize. Kwetu samaki anashuka mashuani asubuhi, adhuhuri yumo kwenye mchuzi wa nazi, nani atampima? Hapa Uingereza kuna tarakimu. Friji kisheria isipite nyuzi 8, na majiko mengi huiweka 5 au chini. Chakula cha moto kisishuke chini ya 63. Hapo katikati ndipo vijidudu vinapozaana. Vibao vya kukatia navyo vina rangi: nyekundu nyama mbichi, buluu samaki mbichi, manjano nyama iliyopikwa, kijani saladi na matunda.

Lakini penye uzito ni aleji, yaani vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu. Kuna vitu 14 vya kujua, na vingi unavila kila siku: ngano, mayai, maziwa, samaki, kamba, karanga, ufuta. Watakutega hivi: mteja anauliza kama mkate una ufuta, nawe hujui, utamjibuje? Kwetu ukarimu ungesema, "Hauna bwana, kula tu." Ukijibu hivyo, kazi huna. Jibu ni "Ngoja nikahakikishe", kisha unasoma lebo na kumuuliza mpishi. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15 alikufa kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate bila kuandikwa. Ndiyo maana tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa palepale dukani lazima kiandikwe viambato vyote.

Kile cheti cha afya cha kupimwa kila miezi sita nyumbani, kitaje, ila huku wanapenda cheti cha usafi wa chakula cha daraja la pili (Level 2). Kinafanyika kwa intaneti. Anza leo usiku.

Mjomba wa Maweni (sasa Glasgow)

Nyongeza kidogo. Ukija huku kwetu Scotland, kiporo kinapashwa hadi 82. Huko England wengi watakwambia 75. Na kama nguruwe au pombe hushiki, uliza Alhamisi hiyohiyo, usingoje siku ya kwanza umeshavaa aproni.

Wakikwambia njoo ujaribiwe, kwa muda wa saa mbili tatu sawa. Mimi mahali fulani niliosha vyombo siku tatu "majaribio", nauli juu yangu, simu haikupigwa mpaka leo.

Na wewe dada, mtu wa Malindi mzima, kwenye watalii Waitaliano tele, Kitaliano umekisahau? Mimi kazi ya pili niliipata kwa "buongiorno" niliyookota ufukweni. Mwenye mkahawa alitoka jikoni kuja kunitazama!

Wa Langoni

Ahsanteni sana. Dada, ile Disemba yetu sahani zilikuwa sitini, na mpishi hakuwa mgonjwa, aligombana na bosi akaondoka. Nisemeje?

Dada wa Barani

Sitini sema sitini. Mpishi "hakuwepo".