Kariakoo: tunatozwa ya maegesho, kisha tunafungwa mnyororo kwa kuegesha

Ndugu wanajamvi,

Naomba anayeifahamu sheria ndogo ya upakiaji na ushushaji wa mizigo hapa Kariakoo, Dar es Salaam, anieleze ni wapi, katika mitaa yetu, gari la mzigo linaruhusiwa kusimama kwa dakika za kushusha tu, kisha liondoke.

Wiki iliyopita Canter iliyoniletea marobota ya vitenge ilifungwa mnyororo gurudumuni katika Mtaa wa Mchikichi, dereva akiwa kwenye usukani, makuli wawili wakiwa bado juu ya bodi na wa tatu ameshatwishwa robota begani. Kijana wa maegesho alikuwa amekwisha kupiga picha namba ya gari na kutoa namba ya malipo. Mwenzake wa mnyororo akadai faini yake ni jambo jingine, kwa kuwa gari limeziba njia. Kama pale hapaegeshwi, ada ya maegesho ilitozwa ya nini? Nilipouliza tushushie wapi, alinyoosha mkono kuelekea Msimbazi, barabara ambayo tangu 2016 yanapita mabasi ya mwendokasi, na ambako gari la mzigo likisimama pembeni kidogo tu, yote yaliyo nyuma yanakwama.

Soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa 1975 lilijengwa na shimoni yake, biashara ya jumla ikapata nafasi chini badala ya kugombania barabara na wapita njia. Maghorofa yaliyoota baadaye yamejaa fremu za maduka chini hadi juu, na katika mtaa wangu sijaona hata moja lenye mlango wa nyuma wa kupokelea mzigo. Aliyepitisha ramani hizo hajawahi kufungwa mnyororo.

Ninachodai si kikubwa: ichorwe mistari kila mtaa, kiwekwe kibao kinachosema dakika thelathini za kushusha, na Fuso zipangiwe usiku. Atakayepitiliza muda huo gari lake lifungwe mnyororo, sitamtetea. Na wenzangu wanaopanga matofali na viti mbele ya maduka ili kujimilikisha barabara nao wasiachwe, maana nusu ya msongamano huu tunausababisha wenyewe.

Risiti zote mbili ninazo, na barua ya malalamiko nimekwisha kuipeleka kwa wahusika. Mwenye nakala ya sheria ndogo hiyo, kama ilivyotangazwa katika Gazeti la Serikali, naomba aiweke hapa pamoja na namba ya tangazo.