Kwa nini Voltaire alianza na Wakweka?

Binti wa Kaimosi: Hamjambo. Wiki jana nilinunua kitabu cha mtumba kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, shilingi 150: barua za Voltaire, mwandishi Mfaransa, kuhusu Waingereza. Nilidhani ataanza na Newton, yule mwanasayansi. Kumbe barua nne za kwanza zinahusu Wakweka, Wakristo wa Kanisa la Marafiki (Friends)! Anamtembelea mzee mmoja. Mzee havui kofia wala hainami, lakini anamkaribisha mezani. Anapoulizwa kama amebatizwa, anasema hapana, na wenzake vivyo hivyo.

Mimi nimezaliwa Mkweka. Hapa Kawangware jirani yangu haachi kuniambia kwamba bila kuzamishwa majini mimi si Mkristo. Kuikuta hoja hiyohiyo kwenye kitabu cha karibu miaka 300, nilipita steji yangu bila kujua. Je, alitupenda, au alitutumia kuwachapa mapadri wa kwao?

Mwalimu mstaafu: Yote mawili, binti yangu. Alivukia Uingereza 1726 akitoka gereza la Bastille, baada ya kugombana na mtu wa ukoo mkubwa. Kila anachokisifu London kinaichoma Paris. Newton alipofariki 1727 alizikwa Westminster Abbey. Voltaire alistaajabu mtu wa hesabu kuzikwa kama mfalme. Ujumbe ulifika: 1734 mahakama kuu ya Paris iliamuru kitabu kichomwe. Ni kweli anamcheka George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, kwa kutetemeka. Lakini rudia yale mazungumzo uone ni nani mwenye hoja. Mzee anamkumbusha kwamba Kristo alibatizwa na Yohana, ila yeye mwenyewe hakubatiza mtu. Mjibu jirani hivyo, kwa upole.

Nesi Dagoretti: Usiiruke barua ya 11, dada. Ni ya ndui: akina mama wa Circassia, karibu na Bahari Nyeusi, wanamkata mtoto mkononi na kumtia usaha wa mtoto mwingine. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, alimchanja mwanawe hivyo Constantinople (Istanbul ya leo), 1718. Voltaire aliugua ndui 1723, nusura afe. Mimi huchanja watoto, na barua hiyo ningemsomea kila mama anayesitasita mlangoni.

Binti wa Kaimosi: Asante, mwalimu. Asante, dada. Kitu kimoja kimeniuma. Wakweka wake hawana kasisi. Wanakaa kimya mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema. Sisi, wamishonari Wamarekani waliofika kwetu Kaimosi, magharibi mwa Kenya, 1902 walituletea wachungaji na mahubiri. Kile kimya nimekionja kwa nyanya tu, kabla ya kula: mikono magotini, ugali unapoa, hata watoto hawakohoi. Nikienda Desemba nitamuuliza alikitoa wapi.