Kustaafia Arizona: tuchague Phoenix au Tucson?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mke wangu tumeishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka 24, na mwakani, nitakapotimiza miaka 66, ninatarajia kustaafu. Magoti ya mke wangu hukaza na kuuma kila majira ya baridi, nami nimechoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya mapambazuko. Mwezi wa Februari tulikwenda Phoenix kwa siku 10, tukaliona jua kila siku, naye akatembea asubuhi na jioni bila mkongojo; tangu turudi hana mazungumzo mengine. Tunafikiria kuuza nyumba yetu na kununua ndogo huko, pengine katika mtaa wa wastaafu. Watoto wetu wawili na wajukuu watatu watabaki huku. Naomba wenye uzoefu wanieleze bila kunificha: je, joto la huko linavumilika kwa watu wa umri wetu, na tupime mambo gani kabla ya kuuza nyumba? Nimesikia pia Tucson ikisifiwa, lakini sijui inatofautiana vipi na Phoenix.

Jibu la kwanza

Shikamoo, mzee. Nina miaka 9 Phoenix, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo nitasema yale ninayoyashuhudia.

Hali mliyoiona Februari ni ya kweli, nanyi mtaifurahia kuanzia Novemba hadi Aprili. Nawasihi mje tena Julai kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Mwaka 2023, kuanzia tarehe 30 Juni, joto la mchana lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au kupita kwa siku 31 mfululizo, na katika kipindi hicho kulikuwa na usiku mwingi ambao hewa haikushuka chini ya nyuzi 32. Watu huuliza habari za mchana, ilhali mimi naona usiku ndio unaowamaliza wazee, kwa sababu lami na saruji huhifadhi joto la mchana na mwili haupati saa za kupumzika. Mwaka huo Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi miongoni mwao hawakuwa na makazi, lakini wapo pia waliofia ndani ya nyumba zao, na mara nyingi kiyoyozi kilikuwapo ila hakikuwa kikifanya kazi. Kwa hiyo mkikagua nyumba, ulizeni umri wa kiyoyozi kabla ya kuuliza habari za jiko, na mweke akiba ya kununua kipya. Nyumba nyingine za zamani hutegemea mashine ya kupoza hewa kwa maji; mashine hiyo ni nzuri katika ukavu wa Juni, lakini unyevu wa mvua ukiingia Julai hubaki ikipuliza hewa ya fukuto.

Jambo jingine ni dawa. Mtu akizeeka, kiu huchelewa kumjulisha kwamba mwili umepungukiwa na maji, na dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo huzidisha upungufu huo. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hujatoka jasho kabisa. Zungumzeni na daktari wenu kuhusu kila dawa mnayotumia. Na mwenye magoti mabovu asitembee peke yake mchana wa kiangazi: nimemhudumia mama mmoja aliyeanguka nje ya mlango wake, akaungua mkono na paja kwa kulala juu ya lami kwa dakika chache tu kabla ya jirani kumwona.

Jibu la pili

Kaka, mimi nilistaafia Tucson miaka 6 iliyopita nikitoka Chicago, wala sijajuta, ingawa yote aliyoyasema mwenzangu ni kweli. Tucson iko juu zaidi, takriban mita 730 kutoka usawa wa bahari, wakati Phoenix iko kwenye mita 330 hivi. Tofauti hiyo, pamoja na udogo wa mji, hutupunguzia nyuzi chache mchana na hufanya alfajiri zetu ziwe na nafuu ya kweli. Mimi hutembea saa kumi na moja asubuhi, na saa mbili nimekwisha kurudi ndani. Kuanzia Juni hadi Septemba tunaishi kama mlivyokuwa mkiishi ninyi Januari, yaani tukiwa tumejifungia, ila badala ya theluji tunalikimbia jua. Yule asiyependa kukaa ndani na mwenziwe kwa miezi minne alifikirie hilo kwa uzito.

Nataka kuongeza jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Katika udongo wa hapa kuna kuvu wanaoleta ugonjwa uitwao homa ya bonde, na mtu huupata kwa kuvuta vumbi, hasa upepo unapovuma au mahali penye ujenzi. Hauambukizwi na mgonjwa. Wengi hawaugui kabisa au hupona wenyewe, lakini kuna wanaoshikwa na kikohozi, homa na uchovu wa wiki nyingi, na watu wenye asili ya Afrika wamo katika makundi ambayo kwao ugonjwa una uwezekano mkubwa zaidi wa kusambaa nje ya mapafu. Mkishikwa na kikohozi kisichokoma, mwambieni daktari awapime ugonjwa huo, kwani mara nyingi hudhaniwa kuwa nimonia ya kawaida. Na mkirudi kuwasalimia wajukuu huko kaskazini mkaugua, itajeni Arizona, maana daktari wa huko huenda asiufikirie.

Jibu la tatu

Kuhusu fedha, jimbo la Arizona halitozi kodi malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, na kodi yake ya mapato imekuwa asilimia 2.5 kwa wote tangu 2023. Kama bima yenu ni Medicare Advantage, yaani bima ya afya ya wazee inayotolewa kupitia kampuni binafsi, mjue kwamba mipango yake hufuata mahali unapoishi, hivyo mtalazimika kuchagua mpango mwingine na huenda madaktari wengine pia.

Mitaa ya wastaafu ina historia ndefu hapa. Sun City, mtaa wa wastaafu ulio karibu na Phoenix, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1960. Sheria ya Marekani huiruhusu mitaa ya aina hii iwabague vijana iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi. Someni kanuni zake kwa makini, kwa sababu nyingi huweka kikomo cha siku ambazo mtoto anaweza kukaa kwenu, nanyi mna wajukuu.

Maji nayo yasisahauliwe. Sehemu kubwa ya maji ya miji hii husafirishwa kutoka Mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 540 hivi, nao mto umepungua. Wakazi wa Rio Verde Foothills, nje ya Scottsdale, mji jirani wa Phoenix, walikatiwa maji waliyokuwa wakiletewa kwa malori kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kwa sababu nyumba zao hazikuwa ndani ya mji. Nunueni nyumba iliyounganishwa na mfumo wa maji wa mji wenyewe.

Muulizaji

Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote matatu kwa sauti, naye amenyamaza kwa muda mrefu katika habari za yule mama aliyeungua. Tumekubaliana kutouza nyumba mwaka huu. Tutapanga nyumba Tucson kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Agosti, na binti yetu ameahidi kuleta watoto kwa wiki mbili za Julai ili nao waone. Kaka wa Tucson, nitashukuru ukinielekeza upande wa mji wenye njia za kutembea zilizo na kivuli, zisizo mbali na hospitali.