Je, habari za siasa zisizotiwa chumvi zinapatikana wapi?

Msomaji wa Asubuhi ameuliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Kwa miaka mingi nimekuwa na desturi ya kufuatilia siasa kila siku, lakini siku hizi nikimaliza kusoma najikuta nimejaa hasira na bado sijui kilichoamuliwa ni kipi. Wiki iliyopita nilisoma habari tatu kuhusu kikao kimoja cha bunge. Ya kwanza ilisema kiongozi wa upinzani "amlipua" waziri; ya pili ilisema waziri ndiye "aliyemzima" mpinzani wake; ya tatu ilihusu majibizano yaliyotokea mlangoni baada ya kikao kuahirishwa. Katika zote tatu sikuona hata sentensi moja iliyoeleza muswada uliokuwa mezani unasema nini, wala kama ulipitishwa.

Sitafuti chombo kinachokubaliana na msimamo wangu. Nauliza tu kama kipo kimoja kisichoegemea upande wowote, ambacho mtu anaweza kukitegemea peke yake, au natafuta maziwa ya kuku.

Mtunza Kumbukumbu amejibu:

Ndugu, chombo cha namna hiyo mimi sijakiona, na ugonjwa unaoueleza si wa leo. Mwaka 1833 gazeti la New York Sun lilianza kuuzwa kwa senti 1 wakati magazeti mengine yaliuzwa kwa senti 6, na kwa kuwa bei hiyo haikutosha kuliendesha, ilibidi liishi kwa matangazo, yaani kwa wingi wa macho. Miaka 2 baadaye gazeti hilohilo liliwaeleza wasomaji wake kwamba mwezini kuna viumbe mfano wa watu wenye mabawa. Mwaka 1898 manowari ya Kimarekani iitwayo Maine ilipolipuka katika bandari ya Havana, Kuba, iliyokuwa chini ya Uhispania, na kuua watu wapatao 260, magazeti yaliyokuwa yakishindania wasomaji mjini New York yaliinyoshea Uhispania kidole kabla ya uchunguzi wowote kukamilika, na miezi miwili baadaye vita kati ya Marekani na Uhispania vikaanza. Sisemi kwamba magazeti peke yake ndiyo yaliyoanzisha vita hivyo, maana wanahistoria wengi wanalikataa dai hilo. Lakini uchunguzi wa mwaka 1976 ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover ulielekea kuamini kwamba mlipuko ulianzia ndani ya meli yenyewe.

Sasa tazama upande wa pili wa karne hiyohiyo. Shirika la habari la Associated Press lilianza mwaka 1846 kama ushirika wa magazeti yaliyotaka kugawana gharama za kupata habari. Baadaye, lilipokuwa likihudumia magazeti mengi yenye misimamo inayopingana, taarifa iliyopendelea upande mmoja ingewaudhi wanunuzi wa upande mwingine. Naye Paul Julius Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, alipofungua ofisi yake London mwaka 1851, alianza kwa kupeleka bei za masoko ya fedha kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mtu anayetaka kuweka fedha zake sokoni hana haja ya kusisimuliwa. Ndiyo maana hadi leo mimi huanza na taarifa kavu za mashirika ya habari kabla hazijapikwa upya na vyombo vingine. Nazo zina upungufu wake, kwa sababu kuchagua tukio la kuandikwa na la kuachwa ni uamuzi tayari, lakini walau hazinipigii kelele.

Mhariri wa Usiku amejibu:

Nimefanya kazi ya kuhariri kwa muda mrefu, kwa hiyo niongeze jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui: mwandishi aliyekaa bungeni mara nyingi siye aliyeandika kichwa cha habari yake. Kichwa huandikwa na mtu mwingine mezani, mwenye nafasi finyu na dakika chache, na kazi yake ni kukufanya usimame. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika "amvaa" mahali ambapo mwandishi aliandika "alimuuliza", na sijivunii.

Kwa hiyo soma vitenzi. "Alisema" haimhukumu mtu. "Alidai" inakudokezea usimwamini. "Alikiri" imekwisha kumtia hatiani kabla hujafika aya ya pili. Ujihadhari zaidi na kile kitenzi kisicho na wakati ambacho lugha yetu inakiruhusu katika vichwa vya habari: "Waziri kujiuzulu." Nani amesema? Lini? Ameamua, ameshauriwa, au kuna mtu anatamani iwe hivyo? Maneno mawili tu yameugeuza uvumi kuwa ratiba. Ukifungua ndani na kukuta kila kitu kinaegemea "chanzo kilicho karibu na waziri", bila hati na bila mtu wa pili kuthibitisha, unaweza kuifunga bila kupoteza kitu. Vivyo hivyo, taarifa iliyotoka saa moja baada ya tukio ichukulie kama uvumi wenye heshima zake, kisha uisome tena kesho yake.

Hesabu Kwanza amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila nina hofu na neno "kutoegemea". Waandishi wengi wamelielewa kuwa ni kumnukuu huyu, kumnukuu yule, kisha kwenda zao. Wanasiasa wawili wakibishana kuhusu kiasi kilichotengwa katika bajeti, na bajeti yenyewe imechapishwa, mwandishi anayewanukuu wote wawili bila kuifungua hajatenda haki, amekwepa kazi. Ningependa zaidi mwandishi mwenye msimamo ninaoujua, anayenionyesha ushahidi wake, kuliko huyo.

Kura za maoni ndizo zinazoniudhi kuliko yote. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu hutoa matokeo yenye uwezekano wa kukosea kwa takriban pointi 3 juu au chini. Mgombea mmoja akipata asilimia 47 na mwenzake 45, takwimu hizo haziwezi kukuambia nani yuko mbele, lakini kichwa cha habari kitasema mmoja "apaa", na wiki inayofuata namba zikigeuka kidogo kitasema "aporomoka", ingawa huenda hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo.

Tusiwalaumu wahariri peke yao, hata hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, ulikuta kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa upya uliozidi ule wa habari za kweli kwa asilimia 70, kwamba za siasa ndizo zilizoenea zaidi, na kwamba waliosababisha tofauti hiyo walikuwa watu kama sisi, si programu za kujiendesha.

Msomaji wa Asubuhi ameandika:

Nawashukuru. Baada ya kuwasoma nimetafuta kumbukumbu rasmi za kikao kile. Huko "kulipua" kulikuwa swali moja kuhusu kifungu kimoja, waziri akaahidi jibu la maandishi, na muswada ukarudishwa kwenye kamati. Basi. Lakini kuyapata hayo kumenichukua dakika 40, na sioni ni mfanyakazi gani anayeweza kufanya hivyo kila asubuhi.

Mhariri wa Usiku amejibu:

Usifanye kila asubuhi. Chagua mambo mawili au matatu yanayokugusa, hayo uyafuate hadi kwenye hati zake, na mengine uyasome mara moja kwa wiki, wakati vumbi limetulia na nusu yake yamekwisha kukanushwa. Kuhusu muswada wako, tafuta siku ambayo kamati itawasilisha taarifa yake na uiandike mahali. Kwa uzoefu wangu, siku hiyo meza ya waandishi huwa karibu tupu.