Naomba ushauri: nimealikwa Hanuka (sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha mishumaa), niende na nini mkononi?

Habari zenu wadau. Mimi Mtanzania, niko Chicago mwaka wa tatu sasa. Desemba iliyopita nilichoka kujifungia ndani kwa baridi, jirani yangu, bibi mmoja wa Kiyahudi, akanivuta nikajitolee kwenye sinagogi lao: kupanga makoti ya msaada na kupakia supu ya wasio na makazi. Kazi naipenda, angalau vidole vinapata moto.

Balaa nililizua siku ya kwanza. Nilibeba sambusa 50 za nyama, nimekaanga tangu alfajiri. Mama wa jikoni akanipokea mlangoni, akafunua foili, akanusa, akafunika taratibu. Kumbe jiko lao ni la kosheri, yaani linafuata sheria za Kiyahudi za chakula. Chakula kilichopikwa nyumbani kwa mtu hakiingii, na nyama haichanganywi na maziwa. Nikarudi nazo kwenye basi zinanukia mpaka dereva akageuka. (Alikula mbili kituoni.)

Mwaka huu bibi amenialika kwake usiku wa nane wa Hanuka, mishumaa yote inapowaka. Kwetu kwenda kwa mtu mikono mitupu ni aibu. Nawaza matunda mazima yasiyokatwa, au maua. Mliowahi kualikwa, mlipeleka nini?

Halafu Ijumaa nimepangiwa zamu ya mchana, na huku jua linazama saa kumi na dakika ishirini hivi. Sabato ikishaingia naweza kubaki nikiosha vyombo, au niage mapema? Kumuuliza bibi mwenyewe naona haya, baada ya zile sambusa.