Hivi kadi za matundu zilikuwa zinatunzaje data?

Wakuu habari, nimeona picha ya kadi ngumu ina vitobo vingi wanasema ndo ilikuwa inatunza data za kompyuta zamani, sasa karatasi inatunzaje data jamani? Naomba kueleweshwa.

fundi_wa_zamani: Mkuu tundu lenyewe ndo data. Kadi ya kampuni ya IBM iliyoanza 1928 ilikuwa na safu wima 80, na baadaye kila safu ikawa na nafasi 12 za kutoboa, herufi moja inakaa safu moja, kwa hiyo kadi nzima herufi 80 tu. Megabaiti moja (kama herufi milioni moja) ni kama kadi 12,500!

dada_takwimu: Na zilikuwepo hata kabla ya kompyuta, mvumbuzi wa Marekani Herman Hollerith alizitumia sensa ya Marekani 1890, visindano vya mashine vinashuka, penye tundu vinapita vinagusa zebaki, umeme unapita na mshale wa kuhesabia unasogea namba moja. Akili kubwa sana ile, mi naipenda mno.

muulizaji: Asanteni sana, na zikidondoka zikachanganyika je?

fundi_wa_zamani: Unazipanga upya moja moja mkuu. Ndo maana watu walikuwa wanachora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo, mstari ukikatika unajua kadi haiko mahali pake.